Gereji ya kampuni Arusha: wamebadilisha shokapu bila kuniuliza, mlio upo palepale na gari imetembezwa. Nianzie wapi?

Chalii wa Moshono

Wakuu kwema? Naombeni mawazo maana hapa nilipo nimekasirika mpaka naogopa kwenda pale kwao nisije nikaharibu mambo.

Nina pikapu dabo kabini, nilinunua mpya kwa wakala, waranti bado ipo, na sevisi zote nafanyia kwenye gereji yao hapahapa Arusha. Sitaji jina wala aina ya gari, mji wenyewe huu tunajuana. Sasa gari ikaanza kugonga mbele kushoto, ile kok kok ukipita kwenye vishimo vidogo kwa spidi ndogo, ukiwa kwenye lami nzuri husikii kitu. Nikaipeleka. Dada wa mapokezi akaandika kwenye jobu kadi "kelele mbele", basi, nikasaini nikaacha ufunguo. Jioni njoo uchukue. Jioni wanasema kesho, kesho wanasema spea inatoka Dar, baada ya hapo simu ikawa haipokelewi, ukipiga ya mezani unaambiwa foremani yuko chini ya gari. Karibu wiki mbili hizo foremani yuko chini ya gari tu.

Naenda kuchukua nakutana na invoisi ya milioni moja na laki nne na ushee. Shokapu mbili za mbele mpya, alaimenti, kusafisha breki, na kitu kimeandikwa "vifaa vya karakana" ambacho hata yule dada alishindwa kunieleza ni kitu gani. Hakuna aliyenipigia kuniuliza kama nakubali. Nauliza waranti vipi, eti shokapu ni kitu cha kuisha haziingii. Nauliza za zamani ziko wapi nizione, zimeshatupwa. Nikalipa maana nilikuwa na safari ya Babati na gari haitoki getini bila karatasi ya keshia.

Natoka pale, hata Kijenge sijafika, kok kok kok. Mlio uleule upande uleule.

Halafu kuna hii nyingine. Mimi nina mazoea ya kupiga picha dashibodi nikiacha gari kwa mtu. Kilomita zimeongezeka 170 na kitu. Mafuta niliacha nusu tanki, nimerudishiwa taa inawaka. Na chini ya siti ya abiria nimekuta kadi ya mchango wa sendofu, jina la mchangiwa silijui, ukumbi uko Moshi. Nampigia foremani ananijibu bila aibu "hiyo ilikuwa rodi testi bosi".

Nifanye nini? Kurudi kwao nahisi watanibandika kitu kingine. Kwenda kwa fundi wa nje naogopa waranti. Na hela yangu naidaije?

Mangi wa Kiborloni

Pole sana mangi. Arusha hadi Moshi kilomita 80, kurudi 80, zinazobaki ni za kuzunguka kutafuta ukumbi. Hiyo rodi testi ilikula pilau kabisa.

Oyaa Ngarenaro

Ndo maana mi ya kwangu naishusha Unga Limited, namkalia fundi kichwani mpaka anamaliza. Hizo gereji zenye vigae chini na kahawa ya bure unalipia vigae na kahawa

Fundi Pasua

Ndugu, tuanze na gari kwanza, hasira baadaye.

Hiyo dalili uliyoandika, kugonga upande mmoja, spidi ndogo, vishimo vidogo, kwenye lami kimya, mimi wa kwanza kumshuku siyo shokapu. Ni stebilaiza linki, kile kichuma kifupi chenye vibol viwili kinachounganisha ile fimbo ndefu ya stebilaiza na amu ya tairi. Kibol kikilegea kinacheza ndani ya kikombe chake na kinagonga kila tairi moja ikipanda peke yake. Baada ya hapo ndio naangalia bushi za hiyo fimbo, boljointi, bushi za amu, na maunti ya juu ya shokapu.

Shokapu iliyokufa ina tabia zake. Inavuja oili kwa nje na vumbi linaganda pale, gari ukipita tuta inaendelea kunesanesa, ukishika breki pua inazama, na tairi zinaliwa kwa mabaka mabaka. Kama hujaona hata kimoja basi uliwekewa shokapu mpya juu ya tatizo la kitu kingine.

Na nikwambie kwa nini wanakosea. Wanaipandisha gari kwenye lifti, matairi yananing'inia, wanashika linki wanatikisa, imekaza, wanasema nzima. Ikining'inia ile fimbo inaivuta ndio maana haichezi. Linki inakaguliwa gari ikiwa imesimama kwa uzito wake, kwenye shimo la fundi au kwenye lifti ambayo gari inasimama kwa matairi yake. Kuna njia rahisi kuliko hiyo: fungua linki zote mbili, zitoe kabisa, zungusha gari taratibu hapo mtaani kwenye mashimo. Mlio ukipotea umempata mwizi. Usiende nayo mbali wala kasi hivyo, kwenye kona itakuwa inalala.

Bei ya linki haifiki hata robo ya hiyo invoisi yako.

Mama Safari

Pole kaka. Mimi nina gari za watalii hapa Moshi, hizi Land Cruiser ndefu, na kuanzia Juni mpaka Oktoba gari ikilala gereji siku moja ni hela imelala, kwa hiyo nimejifunza kwa kuumia. Dereva wangu haachi gari mahali bila kuchukua video. Anaizunguka nje, anafungua milango, anaonyesha spea tairi, jeki, redio koli, dashibodi yenye kilomita na mafuta, halafu anaituma kwa adivaiza, yule anayepokea magari, palepale wakiwa wamesimama, "kaka hii ni hali ya gari saa hii". Anayepokea akijua video iko kwenye simu yake hawezi kujifanya hakuiona.

Na lile neno "kelele mbele" lisikubalike kaka. Mimi huwa napanda na fundi wao tunatoka naye mpaka kwenye tuta, mlio ukitoka namwambia huu, umeusikia? Ndio tunarudi kuandika: kugonga mbele kushoto, vishimo vidogo, spidi ya 20. Ukiacha karatasi nyeupe kila mtu anaijaza anavyotaka.

Spea za zamani zinarudi kwenye boksi la mpya, hiyo kwangu ni sheria. Sizitumii, nazipeleka kwa fundi mwingine anaziangalia, wakati mwingine anacheka tu.

Aliyekuwa Mapokezi

Nimefanya kazi kwenye gereji ya namna hiyo miaka kadhaa, siyo hiyo yako labda, ila zinafanana. Msinishambulie.

Iko hivi. Anayekupokea siyo fundi. Anaandika alichoelewa, karatasi inaenda kwa foremani, foremani anampa kijana aliye huru, na mara nyingi aliye huru ni yule wa mazoezi ya vitendo kutoka chuo. Huyo kijana hajakuona wewe, hajasikia mlio, anasoma "kelele mbele" anaangalia mbele anaona shokapu zina vumbi. Foremani anapitisha kwa sababu mwisho wa mwezi anaulizwa kauza spea za shilingi ngapi, haulizwi wangapi wamerudi na mlio uleule. Hilo mkilielewa mtajua kwa nini kugombana na dada wa mapokezi ni kupoteza mate.

Wa kumtafuta ni meneja wa sevisi, na umwambie maneno mawili tu: "kazi imerudi". Kwenye gereji za kampuni kazi iliyorudi inafunguliwa jobu kadi mpya inayounganishwa na ile ya zamani, na inahesabiwa kwenye ripoti zao za makao makuu. Wao watajaribu kukufungulia kama kazi mpya kabisa, ukikubali hiyo umeanza kulipa upya. Omba kadi iandikwe ni marejeo ya kazi fulani namba fulani.

Kuhusu kutembezwa, rodi testi ya kawaida ni kilomita tano, kumi zikizidi sana. Na kuna daftari getini, gari ikitoka mlinzi anaandika saa, dereva na kilomita. Liulizie hilo daftari kabla hawajalipoteza.

Chalii wa Moshono

Fundi Pasua ubarikiwe, nimesoma mara mbili. Shokapu za zamani hazikuwa na tone la oili, hilo nina uhakika maana niliinama mwenyewe kabla ya kuipeleka. Swali langu: nikifungua hizo linki kwa fundi wa mtaani si watasema nimeharibu waranti?

Fundi Pasua

Kufungua nati na kuzirudisha hakuui waranti, ila sitaki wapate sababu. Waambie wao wafungue wewe ukiwepo.

Wakili wa Mtaa

Kitabu cha waranti unacho kwenye dashibodi hapo, kisome, kinasema vitu gani havimo na kinasema masharti ya sevisi. Wengi tunasikiliza waranti kwa mdomo wa foremani. Vitu vya kuisha kama breki pedi na waipa huwa havimo, shokapu na linki inategemea kitabu chenyewe, vitabu vingine vinazibeba kwa muda fulani.

Sasa kwenye hela. Kuna watu watakwambia ungekataa kulipa ukabeba gari yako. Sheria ya mikataba inampa fundi haki ya kushikilia mali aliyoifanyia kazi mpaka alipwe ujira wake, kwa hiyo kugombea ufunguo getini mara nyingi unashindwa. Kinachofanyika ni kulipa kwa kupinga. Kwenye nakala ya invoisi unaandika kwa kalamu "nalipa ili nipate gari, sikubali shokapu na vifaa vya karakana, sikuulizwa", saini na tarehe, na unampigia picha keshia akiwa na karatasi hiyo mezani. Wewe umeshalipa, sawa, hujachelewa, andika barua leo.

Barua siyo WhatsApp. Nakala mbili, Kiswahili kizuri, bila matusi: nilileta gari tarehe fulani, malalamiko yalikuwa haya, mlifanya haya bila idhini yangu, tatizo lipo, kilomita ziliongezeka kutoka hapa mpaka hapa, naomba hiki na hiki ndani ya siku 14. Nakala moja waigonge muhuri wa kupokelewa, hiyo ndiyo ya kwako. Wakigoma kugonga, itume kwa barua pepe ya tawi na ya makao makuu Dar kwa pamoja. Tawi linaogopa Dar kuliko linavyokuogopa wewe.

Angalia pia nyuma ya jobu kadi uliyosaini. Wengine wameweka kamstari kadogo kwamba mteja anaruhusu kazi yoyote itakayoonekana ya lazima. Kama kapo watakatumia, na jibu lako litakuwa haikuwa ya lazima kwa sababu mlio haujaondoka.

Wakikaa kimya, Tume ya Ushindani, hii FCC, ina ofisi ya kanda hapo Arusha, na sheria yao ya mwaka 2003 inahusu pia kumlinda mlaji, siyo makampuni yanayoshindana tu kama watu wanavyodhani. Hela yenyewe kama wanagoma kabisa unaidai Mahakama ya Mwanzo, dai la milioni na kitu linaingia pale bila shida. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unayo?

Chalii wa Moshono

EFD ninayo ya spea na VAT yake asilimia 18. Ila kuna elfu themanini foremani aliniomba nimtumie kwenye simu yake "ya kuharakisha mzigo kutoka Dar", hiyo haina risiti.

Aliyekuwa Mapokezi

Hiyo elfu themanini umempa foremani, hujaipa kampuni. Usiichanganye kwenye dai la kampuni ukaonekana unababaisha. Ila ile meseji ya muamala itunze na uitaje kwenye barua sentensi moja tu, meneja atajua la kufanya na mtu wake.

Oyaa Ngarenaro

Polisi je? Si wizi wa gari huu

Wakili wa Mtaa

Uliwapa ufunguo mwenyewe, ukienda polisi na neno wizi mtabishana jioni nzima. Kutumia gari ya mteja kwa shughuli binafsi ni hoja nzito ya kwenye barua, hasa wakikumbushwa kwamba ingegongwa huko njiani bima ingeuliza nani alikuwa anaendesha na alikuwa anaenda wapi.

Mangi wa Kiborloni

Nimeacha utani sasa. Mkuu, umeangalia deni la trafiki? Ingiza namba ya gari kwenye ule mfumo wa polisi wa faini. Barabara yetu hii ya Arusha Moshi mnaijua, Usa River tochi za kupima spidi, Bomang'ombe tochi, na mtu anayewahi ukumbi haendi hamsini.

Chalii wa Moshono

Aisee.

Wakuu, ipo. Elfu thelathini, mwendokasi, wilaya ya Hai, Jumamosi ambayo gari ilikuwa kwao inasubiri spea kutoka Dar. Tarehe imo, sehemu imo. Nimepiga skrini shoti nimewatumia ndugu zangu watatu ili isipotee.

Mama Safari

Hahaha Mungu hamtupi mja wake!! Mangi unanidai soda.

Wakili wa Mtaa

Usiilipe leo. Chapa hiyo karatasi, iambatanishe. Ila faini ikikaa bila kulipwa inaongezeka, kwa hiyo wape hata siku mbili wao waimalize, la sivyo lipa na uiongeze kwenye dai.

Chalii wa Moshono

Mrejesho.

Nilienda na barua, picha za dashibodi na karatasi ya faini. Dada wa mapokezi akataka kunifungulia kadi mpya, nikamwambia hii ni kazi iliyorudi, nataka meneja wa sevisi. Akaja. Alianza kwa sauti ya juu, "sisi mafundi wetu wamesomea", mara "kelele ni tabia ya gari hizi". Sikubishana, nikamwekea faini mezani nikamwambia soma tarehe. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena, halafu akainuka akafunga mlango wa ofisi. Kuanzia hapo tukawa tunaitana kaka.

Daftari la getini lililetwa. Ule ukurasa gari yangu imeandikwa imetoka "rodi testi" saa tatu asubuhi, saa ya kurudi hakuna. Foremani hakuitwa mbele yangu, nafikiri walimalizana baadaye.

Tukatoka na fundi mmoja mtu mzima, nikampitisha ile vumbi ya kuingia kwangu. Hata mita mia hazikufika akasema "ni linki hiyo", kama anasoma gazeti. Tumerudi wakaiweka kwenye shimo, siyo lifti, akaingia chini na bisibisi ndefu, akaipenyeza kwenye linki ya kushoto akaisukuma, nikaona kwa macho yangu kibol kinacheza. Walitoa zote mbili tukazunguka tena, kimya. Wameweka mpya kulia na kushoto kwa waranti, sijalipa kitu. Kitabu kilikuwa kinazibeba muda wote!

Faini wamelipa wao. Mafuta wamejaza. Hela ya ufundi na vifaa vya karakana wamekubali kurudisha. Kinachobaki ni shokapu. "Zimeshatupwa" zikapatikana stoo nyuma ya matairi, nikazichukua. Meneja anasema hawezi kurudisha fedha taslimu ya spea iliyokwishafungwa, ananipa kredit ya sevisi mbili zijazo, na kuna karatasi ya makubaliano nisaini kesho.

Fundi Pasua

Zilete Pasua nizione bure, ukipita. Simamisha moja wima, ibonyeze mpaka chini halafu iachie. Ikipanda pole pole bila kurukaruka na haina oili kwenye fimbo, ilikuwa nzima, na hapo nitakuandikia maelezo ya kuambatanisha.

Mama Safari

Kredit iandikwe kwa shilingi, siyo "sevisi mbili". Sevisi mbili bila kiasi watakuwekea oili na filta ya oili wakuambie mengine ni ya kwako. Na iandikwe inatumika matawi yao yote na mwisho wake lini.

Aliyekuwa Mapokezi

Na kabla hujasaini soma mstari wa mwisho. Huwa wanaweka "mteja hatakuwa na madai mengine yoyote dhidi ya kampuni". Ukisaini huo, hata hizo shokapu mpya zikivuja mwezi ujao utaambiwa ulishamaliza. Shokapu mpya zina waranti yake kama spea, namba ziko kwenye invoisi, hiyo haipaswi kufutwa na karatasi hii.

Chalii wa Moshono

Upo kweli, mstari wa mwisho kabisa na maandishi yake madogo kuliko mengine. Nimewarudishia wauchape upya, kredit kwa shilingi, na waranti ya shokapu waiandike humo humo. Meneja kasema lazima aulize Dar. Nikamwambia aulize tu, barua yangu ilishatangulia huko.